Gombe kwa Miguu: Mwongozo wa Siku Nzima, Kutoka Ufukweni Hadi Ukingo wa Bonde la Ufa

Kiangazi kikikaribia maswali huwa yale yale. Raba zinatosha au lazima buti? Naweza kwenda asubuhi nikarudi mjini jioni? Maji ya kijito yananyweka? Simba wapo? Kuna na wanaouliza kama wataweza, na ukiwauliza mara ya mwisho wametembea lini saa mbili mfululizo bila kukaa, wanacheka. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, anayeuliza nimpe asome.

Safari ninayoizungumzia ni hii. Unaanzia Kasekela, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Unapanda bonde la Kakombe mpaka maporomokoni, unaendelea hadi Kilele cha Jane, unapandisha tena mpaka ukingo wa Bonde la Ufa, halafu unateremka kabla giza halijakukuta msituni. Ukiitazama kwenye ramani utaidharau, kwa sababu hifadhi yenyewe ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya ziwa na ukingo, upana wake kilomita tatu hivi. Shida iko kwenye kimo. Uso wa ziwa uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na ukingo unapita mita 1,500. Kwa hiyo unapanda zaidi ya mita 700 ndani ya kilomita chache, kisha unazirudisha zote kwa magoti. Ndugu zangu wa Tabora, mliozoea kukatiza miombo ya tambarare kutwa nzima, pumzi mnayo. Magoti ndiyo yatakayolalamika.

Kama utasoma aya moja tu, soma hii. Mlima wa Gombe unatazama magharibi. Asubuhi jua linachomoza nyuma ya ukingo, kwa hiyo ufukwe na mabonde yanabaki kivulini mpaka kama saa mbili, na hata likishatokea linakupiga kwa ubavu mpaka saa nne. Kuanzia saa saba mchana mambo yanageuka: mteremko wote umelielekea jua uso kwa uso, na ziwa nalo linarudisha mng'ao kutoka chini. Mtu huyo huyo, njia hiyo hiyo, akianza saa moja anapanda akipiga soga, akianza saa nne anapanda akitafuta mti wa kuegemea. Karibu kila aliyeshindwa njiani alishindwa kwa sababu ya saa aliyoondoka.

HESABU YA SIKU, KABLA YA KUFUNGA BEGI

Gombe haina barabara. Unafika kwa maji tu. Boti za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo huondokea mwalo wa Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma, na kwa kawaida huondoka mchana. Zinachukua saa mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, kutegemea mizigo na vituo. Zile zinazorudi mjini hupita asubuhi mapema. Sasa jumlisha mwenyewe: kwa boti ya abiria, siku moja ya kutembea inakula siku tatu za kalenda. Ya kwanza unakwenda na kulala Kasekela, ya pili unatembea, ya tatu unarudi. Jumapili usiitegemee boti. Nenda mwaloni siku moja kabla, uliza nahodha, usimuulize mpiga debe.

Ukikodi boti yenu wenyewe mnaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, lakini mtafika jua limeshapanda na mtakuwa na haraka ya kuwahi ziwa kabla upepo wa alasiri haujalichafua. Siipendi njia hiyo kwa safari ya ukingoni. Kwa kwenda kuona sokwe mtu na kurudi, sawa.

Msimu mzuri ni Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia Novemba mvua zinaingia, njia zinateleza kama sabuni na vijito vinajaa. Wanaotaka kuona sokwe kwa urahisi husifu miezi ya mwisho ya kiangazi.

VITU VYA KUWA NAVYO

Sitaandika orodha ya duka la watalii. Hivi ndivyo vinavyotumika kweli:

- Viatu ulivyokwisha kuvitembelea. Buti za mitumba zenye soli ya meno ni bora kuliko raba mpya. Raba zinakubalika kama soli haijalika. Soli laini kwenye changarawe ni ajali inayosubiri muda wake.
- Soksi jozi mbili, moja begini imefungwa isilowe.
- Suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu. Jinzi hapana: ikilowa jasho inakamata mapaja na kuchubua.
- Maji lita tatu kwa kila mtu, mnene au mwembamba, mwanamume au mwanamke. Chupa mbili za lita moja na nusu zinatosha kuanzia.
- Dawa ya kutibu maji, ya vidonge au ya maji, inauzwa duka la dawa lolote mjini.
- Chakula kikavu na chenye chumvi: mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, dagaa waliokaangwa wakakauka. Ndizi mbivu weka juu kabisa ya begi. Biskuti tupu hazikufikishi.
- Chumvi na sukari kwenye vikaratasi, au pakiti za ORS za kurudisha maji mwilini.
- Plasta, bandeji ya kuvuta, panadoli, dawa zako za kila siku kama unazo.
- Kofia ya ukingo mpana, koti jepesi la mvua, tochi yenye betri mpya hata kama simu ina tochi.
- Barakoa. Hizi si za hiari ukikaribia sokwe.
- Fimbo imara inayofika kiunoni. Utaibeza asubuhi, mchana utaishukuru.
- Kandambili kwa ajili ya boti na kambini.
- Kitambulisho. Mwananchi asipoonyesha kitambulisho anaweza kujikuta akibishana kuhusu kiwango cha malipo. Malipo ya hifadhi si ya fedha taslimu, hulipwa kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa hiyo maliza shughuli hiyo mjini kwenye mtandao wa uhakika.

Mfuko wa rambo usiulete. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hifadhini ndiko wanakoitazama kwa jicho kali. Tumia begi la mgongoni lenye zipu inayofunga vizuri. Sababu ya zipu utaiona hatua ya pili.

Sasa mwili. Wiki tatu kabla, panda na kushuka. Vilima vya Kigoma mjini vinatosha kabisa. Wa Tabora tafuteni ngazi za jengo lolote la ghorofa, beba begi lenye lita tano za maji, panda taratibu na, hili ndilo watu hulisahau, shuka taratibu zaidi. Mazoezi ya kushuka ndiyo yanayookoa mapaja. Siku nne kabla, kata kucha za vidole vya miguu. Usizikate jioni ya mwisho, zikichubuka hazitakuwa na muda wa kupona.

Na kama una mafua au kikohozi, ahirisha. Sokwe mtu wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua na kwao yanaua. Mhifadhi akikusikia unakohoa atakuzuia, na atakuwa amefanya kazi yake.

HATUA KWA HATUA

1. Jioni ya kufika, ongea na mwongozaji.

Msituni huingii bila mwongozaji wa hifadhi. Msalimie vizuri, na kama ni mzee mwenye mvi mpe shikamoo yake kabla ya kumweleza shida yako. Mwambie wazi kuwa unataka kufika ukingoni, usiseme tu unataka kutembea. Ni safari mbili tofauti, na wengi waliokuja kuona sokwe hurudi saa tano asubuhi. Mwambie pia ukweli kuhusu goti bovu, pumu, presha au ujauzito. Yeye ndiye atakayeamua njia: ipi imefyekwa, ipi imeanguka mti, na mteremkie wapi. Mkubaliane saa ya kuondoka na saa ya kugeuza.

2. Funga chakula kisionekane.

Nyani wa ufukweni Kasekela wanajua zipu, wanajua chupa, wanajua mlango uliosahauliwa wazi. Usile ukitembea ufukweni. Usiache begi chini hata kwa kufunga kamba ya kiatu. Nyani dume akishika begi lako usivutane naye. Mwachie, mwite askari.

3. Rekebisha saa ya simu.

Hili halimo kwenye vitabu. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo na kaskazini jirani ni Burundi, kote huko saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukiwa juu ukingoni simu inaweza kudaka mtandao wa jirani na kujirudisha nyuma yenyewe. Unajiona una saa moja ya ziada ambayo haipo. Zima kujirekebisha kwa saa, au vaa saa ya mkononi. Zima pia data, vinginevyo bando litayeyuka kwa gharama za mtandao wa nje.

4. Kunywa na kula kabla ya kutoka.

Nusu lita ya maji kabla ya kuvaa viatu. Uji mzito au chai na mihogo, lakini usishibe mpaka ukaegemea.

5. Ondoka saa moja kamili.

Waliotoka Dar es Salaam hushangaa saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Kigoma tuko magharibi ya mbali, jua letu huchelewa kutoka na huchelewa kuzama, yote mawili karibu na saa moja. Kwa hiyo usimlazimishe mwongozaji kuingia msituni gizani. Lakini njia ikishaonekana, muwe mmesimama, si mnatafuta soksi.

Nusu saa ya kwanza nenda polepole mpaka uone aibu. Kipimo ni maneno: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kuhema katikati, unakimbia. Kundi liende kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, na huyo apangwe wa pili kutoka mbele, nyuma ya mwongozaji. Akiachwa mkiani atakuwa anafika wenzake wakiwa wamemaliza kupumzika.

6. Bonde la Kakombe na maporomoko.

Sehemu hii ni msitu wa kijani kibichi, baridi, njia ina mizizi. Tazama chini unapokanyaga na juu unaposimama. Juu utaona viota vya sokwe, matawi yaliyokunjwa kwenye uma wa mti. Hujenga kipya kila jioni, kwa hiyo majani yakiwa bado mabichi ujue walilala hapo karibuni. Chini tazama chikichi. Sokwe hutafuna nyama ya chikichi, wananyonya mafuta, kisha wanatema nyuzinyuzi zikiwa bonge la rangi ya machungwa lenye alama za meno. Likiwa limekauka, wamepita zamani. Likiwa linang'aa mate, punguza sauti na vaa barakoa. Usiliokote.

Ukikutana nao: mita kumi au zaidi, usile mbele yao, usiwanyooshee kidole wala fimbo, usikae katikati ya mama na mtoto. Dume akija mbio akivuta matawi usikimbie. Sogea kando ya njia, shika mti, inama, mwache apite. Mwongozaji akisema kaa, kaa. Muda wa kuwa nao ni saa moja. Wanaotaka ukingo wasiitumie yote, ndiyo bei yake.

Maporomokoni mnafika kama saa mbili. Ukungu wa maji unapoza uso, kila mtu anataka picha. Dakika kumi na tano, basi. Usijaze chupa hapa bila dawa. Maji yanaonekana kama ya chupa, lakini nyani wa Gombe wamewahi kukutwa na vimelea vya kichocho, na vijito hivi ndimo wanamoshinda. Weka dawa, subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti, ndipo unywe. Kwa sababu hiyo hiyo usivue viatu kuchezea dimbwi.

7. Kilele cha Jane.

Hapa ndipo msitu unapoachia miombo na majani marefu, na ndipo watu wa mjini huanza kuuliza "bado sana?" Ni mwinuko wa kweli. Hatua fupi, kanyaga kwa unyayo mzima, si kwa vidole. Kila dakika ishirini simama dakika mbili ukiwa umesimama vile vile, maji mafunda matatu, endelea. Ukikaa chini kila mara misuli inapoa na kuinuka kunakuwa kazi mpya.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe mtu aliyefika Gombe Julai 1960, alikuwa akiketi hapa na darubini, kwa sababu sokwe walimkimbia alipowasogelea. Ukifika utaelewa kwa nini alipachagua: mabonde mawili yanaonekana kwa mkupuo mmoja, na nyuma yako ziwa. Kaa dakika ishirini, kula nusu ya chakula. Kama ni saa tano tayari na bado hujafika kileleni, safari yako ya leo imeishia hapo. Si vibaya.

8. Kwenda ukingoni.

Kutoka kilele, njia inafuata mgongo wa mlima, kivuli kinapungua na upepo unaongezeka. Upepo huu unadanganya: unakausha jasho, unadhani hupotezi maji. Kunywa hata kama huna kiu.

Mambo mawili ya kuangalia sehemu hii. Kwanza upupu. Kiangazi maganda yake yamekauka, vile vinyweleo vya rangi ya dhahabu vinasubiri tu bega lako. Usishike mmea unaotambaa usioujua, na mikono ya shati iteremshwe. Pili siafu. Ukiona mstari mweusi unakatiza njia, ruka, usisimame juu yake kupiga picha. Suruali ichomekwe ndani ya soksi.

Ukingoni mnafika kati ya saa tano na saa sita na nusu, kwa mwendo wa kawaida. Upande mmoja ziwa na milima ya Kongo kwa mbali, kama vumbi la kiangazi litaruhusu. Upande wa pili, mashamba na nyumba. Wengi hawakutegemea kuona mashamba, walidhani pori linaendelea tu. Hifadhi inaishia kwenye ukingo, na ukiutazama mpaka huo kwa macho, msitu huku na mihogo kule, utaelewa mambo mengi ambayo vipeperushi haviyasemi.

9. Geuza saa saba. Si saa saba na nusu.

Saa saba ni ya kugeuza popote ulipo, hata kama umebakiza kijimwinuko kimoja. Kabla ya kuanza kushuka, fungua viatu kabisa na uvifunge upya. Gonga kisigino chini mara mbili ili mguu urudi nyuma ya kiatu, kisha kaza kamba kwenye kifundo, si kwenye vidole. Kidole gumba kisiguse mbele ukisimama kwenye mteremko. Kazi hii ya dakika mbili ndiyo tofauti ya mtu atakayerudi na kucha zake na yule ambaye zitamtoka baada ya wiki.

10. Shuka kama mtu mwenye muda.

Ajali nyingi ni za kushuka, na nyingi ni za saa nzima ya mwisho, watu wakianza kuota samaki wa kuchoma. Magoti yalegee, hatua ziwe fupi, fimbo itangulie. Penye changarawe shuka ubavu ubavu. Majani makavu yaliyolala njiani yanateleza kuliko tope, usiyakanyage kwa kisigino. Achianeni nafasi, na ukiporomosha jiwe piga kelele "jiwe!" usione haya. Kama mwongozaji amechagua kuteremkia bonde jingine, mtamalizia kwa kutembea ufukweni. Pale ni kokoto na jua la kupiga usoni, kwa hiyo weka angalau nusu lita kwa ajili ya sehemu hiyo. Lengo ni kufika saa kumi. Ukichelewa, una akiba ya saa mbili kabla msitu haujaanza kufifia.

11. Ukifika.

Usijitupe chini. Tembea dakika tano taratibu, kunywa maji yenye chumvi na sukari, badili soksi, kagua miguu. Kula chakula kizito kabla ya saa mbili usiku. Lala kwenye neti, malaria ya mkoa huu haina utani na aliyechoka.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kubeba maji lita moja "kwa sababu kuna vijito". Kuvaa viatu vipya. Kuwahi mbele ya mwongozaji ili uonekane uko fiti. Kupiga muziki kwa spika: wanyama watahama, na wenzako watatamani uhame pia. Kuja na mtoto mdogo bila kuuliza: kwa sokwe kuna umri wa chini, na mlinda lango halegezi. Kunywa pombe usiku wa kuamkia safari, hasa ile gongo ya mwaloni ambayo hakuna anayejua imepikwa na nini. Na lile la watu wa makundi: kugawana mizigo vibaya, mmoja kabeba maji yote, mwingine chakula chote, halafu wakaachana njiani.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Lengelenge linaanza. Simama pale pale unaposikia joto kwenye ngozi, usisubiri uchungu. Kausha, bandika plasta isiyo na mikunjo, badili soksi. Lililokwisha kujaa usilipasue njiani.

Misuli imekaza. Nyoosha mguu taratibu, kunywa mchanganyiko wa chumvi na sukari. Kipimo cha nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Chumvi ikizidi, mwaga, anza upya.

Kichwa kinauma na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Hujanywa maji. Kaa kivulini, kunywa kidogo kidogo, lowesha kitambaa uweke shingoni. Mtu akianza kuongea mambo yasiyoeleweka au akiacha kutoka jasho wakati mwili unawaka, hilo ni la hatari. Mpoze kwa maji yote mliyonayo, mwongozaji aite msaada.

Kifundo kimeteguka. Usivue kiatu kama bado mko mbali, kitavimba kisiingie tena. Funga bandeji juu ya kiatu kupitia chini ya unyayo, mkate fimbo ya pili kutoka kwenye mti uliokwisha kuanguka, geuzeni.

Upupu umekupata. Usikune wala kupangusa kwa kiganja, unausambaza. Bandika plasta na kuibandua mara kadhaa uvitoe vile vinyweleo, kisha suuza kwa maji. Nguo ile usiivae tena kabla ya kufuliwa.

Nyoka ameuma. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Mtulize, mguu au mkono usichezeshwe, toa pete na saa, abebwe. Boti ya dharura mpaka mjini, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Usipoteze muda kumtafuta nyoka.

Umeachana na wenzako. Simama. Usitafute njia ya mkato, na usifuate kijito kuteremka ukidhani kitakufikisha ziwani salama. Kitakufikisha, ila kupitia maporomoko. Piga filimbi au gonga fimbo kwenye mti mara tatu tatu, subiri mwongozaji arudi.

Radi. Mkiwa ukingoni na wingu limekuwa jeusi, teremkeni mara moja. Msijikinge chini ya mti ulio peke yake.

Simba? Gombe hawapo, tembo pia hawapo. Mnyama atakayekusumbua ni nyani, na baada yake siafu.

Nikimaliza hii naweza kupanda Nkungwe kwa siku moja? Usipange hivyo. Nkungwe ni mlima ulio Hifadhi ya Taifa ya Mahale, kusini ya Kigoma, kilele chake kinafika mita 2,462, na unaanzia kwenye ziwa lile lile la mita 773. Ni mara mbili ya kimo ulichopanda hapa. Watu huenda na mahema na kulala njiani, pamoja na askari mwenye silaha. Ni safari nyingine, yenye vifaa vingine.

Magoti yanauma siku ya pili. Kawaida. Tembea kidogo ufukweni, ingia kwenye boti mwenyewe usibebwe. Maumivu ya sehemu moja tu yenye uvimbe, onyesha daktari.

Boti ya kurudi haijapita, au imepita imejaa pomoni. Iliyojaa iache. Uliza jaketi la kuokolea kabla ya kupanda, na kama ziwa limechafuka nahodha akasema tusubiri, usimshawishi kwa noti. Kwa hiyo tiketi ya treni ya kurudi Tabora usiikate ya siku hiyo hiyo ya kutoka Gombe. Iache ya kesho yake.